Tulimsalimia Mwenyekiti Mmoja Mmoja

Kabla ya yote nawaomba radhi kwa mwandiko. Shule niliishia darasa la saba, kalamu yangu haina haraka, na herufi zangu zimelala upande kama uzio ulioegemewa na mbuzi. Dada yangu amepitia maneno yote kutafuta makosa. Yaliyobaki ni yangu, na yale mapya ni ya kwake. Mkikuta mahali hapasomeki, rukeni. Kwenye siasa nimeona watu wakiruka mambo makubwa kuliko hayo na wakapigiwa makofi.

Nawaandikia ninyi wasichana mnaotaka udiwani wa viti maalum kupitia chama chetu kidogo cha mrengo wa kushoto. Mimi nimestaafu. Najua mtacheka, maana sijafika miaka thelathini na meno yangu yote ninayo. Lakini ndivyo kazi hii ilivyo: vijana tunachoka mapema, wazee ndio wenye nguvu ya kuendelea. Habari za vyeo hamtazikuta humu, kwa kuwa nilikuwa na kimoja tu, na posho iliishia kwenye nauli. Nitaandika kazi ilivyokuwa.

Kwetu ni kijijini, upande wa Urambo, kwenye tumbaku. Jina la kijiji silitaji kwa sababu kina watu wachache na wote wana simu. Asiyejua kilimo cha tumbaku nitamweleza kwa ufupi. Kitalu ni cha mama. Kumwagilia ni mama. Kupandikiza ni mama na watoto. Majani yakikomaa tunayavunja sote, tunayafunga kwenye fito, tunayapanga ndani ya bani, kile kibanda cha kukaushia, na mama anachochea moto hadi macho yake yanakuwa mekundu kama nyanya. Kisha anachambua madaraja, anafunga marobota. Siku ya soko baba anaamka, anavaa shati alilopigiwa pasi, anakwenda ghalani kuwa mkulima.

Nilikuwa nimekaa chini nafunga majani kwenye fito pale Bi Zuhura aliponikuta. Bi Zuhura ni mama wa Tabora mjini, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Ndiye aliyekuwa mtunza ofisi ya chama chetu mkoani. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, ambaye hakuwa na ugomvi na itikadi yetu ila alituomba mapinduzi tuyafanye duka likishafungwa. Chama kilikuwa kimepata kata chache wilayani kwetu, kikagawiwa kiti kimoja cha mwanamke, na Bi Zuhura alikuwa anatafuta mwanamke wa kukikalia. Alitazama nilivyokuwa nimeinamisha kichwa, akampigia simu Komredi Fidelis, katibu wa mkoa. Sauti ya simu ilikuwa kubwa, nikasikia yote.

"Anajua kusoma na kuandika?"

"Anajua, ila polepole."

"Sheria haikutaja kasi. Anaongea?"

"Haongei."

"Safi kabisa. Mwandike."

Ndivyo nilivyoingia katika ukombozi wa mwanamke.

Komredi Fidelis mtamjua mkianza kazi. Ni msomi, amesoma vitabu vyote vya upande wetu, na anaandika makala ndefu juu ya mzigo wa kazi za nyumbani. Huziandika asubuhi, chai ikiwa imeshaletwa. Sijawahi kumwona akiosha kikombe, lakini nadharia ya kuosha vikombe anaijua kunishinda. Salamu ya chama chetu, kama hamjaizoea, ni yeye aliyeitunga. Kiongozi anapaza ngumi, anasema "Jasho!" na watu wanaitikia "Lina mwenyewe!" Mimi kwa aibu nilikuwa napandisha ngumi hadi kifuani tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Siku yangu ya kwanza kwenye baraza la madiwani nilifanya kosa ambalo watu wa halmashauri wanalisimulia hadi leo. Kwetu msichana akiingia mahali walipokaa wazee hasemi "habari zenu" akapita. Anazunguka. Anapiga goti mbele ya kila mmoja, anasalimia, anangoja ajibiwe, anaulizwa ya nyumbani, anajibu, ndipo anakwenda kwa mwingine. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ukiwa mheshimiwa unaacha. Nikaanzia mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Baba hajambo? Tumbaku mwaka huu?"

"Inaendelea vizuri, baba."

Nikasogea kwa wa pili. Naye, kwa kuwa wa kwanza ameuliza tumbaku, hakutaka kuonekana hana utu, akauliza tumbaku na mvua. Wa tatu akauliza tumbaku, mvua na bibi yangu, ambaye alikuwa ameshafariki, tukapeana pole. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa ameshika rungu lake la kufungulia kikao, hajui alishushe wapi. Katibu alikohoa. Hakuna aliyenikatisha. Nilipomfikia mwenyekiti mwenyewe, akaitikia, kisha akasema kwa sauti, "Mheshimiwa, kwa mwendo huu bajeti tutaipitisha mwakani!"

Walicheka hadi wengine wakavua miwani. Mimi nikaenda kukaa kwenye kiti kilichobaki, nyuma ya mlango, na kikao kile sikufungua mdomo tena, wala kilichofuata.

Nilimsimulia Bi Zuhura nikilia. Yeye alicheka vibaya kuliko madiwani. Kisha akaniuliza, "Hakuna aliyekwambia acha?"

"Hakuna."

"Na kikao kilisimama?"

"Kilisimama, Bi Zuhura. Ndiyo aibu yenyewe."

"Hebu nyamaza kulia. Hilo liweke mahali."

Sikujua niliweke wapi, ila sikulisahau.

Bi Zuhura ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniambia nisiende kwenye mkutano na khanga moja, niende na mbili, moja ya kuvaa na moja ya kukalia, kwa sababu viti vinaishia kwa wanaume. Alinionyesha jinsi ya kuanika betri za kipaza sauti juani zikianza kuchoka, na kukishika mbali kidogo na kinywa ili mtu mwenye sauti ndogo kama mimi asisikike kama nyuki ndani ya chupa. La muhimu zaidi, alinifundisha kusoma ajenda kuanzia chini. "Juu wameandika ya kwao," alisema. "Wewe anzia chini. Ya kwako yako kwenye mengineyo."

Alisema kweli. Vyoo vya wasichana, mengineyo. Mjamzito aliyebebwa kwenye baiskeli, mengineyo. Na katika muda wangu wote kazini sikuona kikao kikifika kwenye mengineyo kabla wali haujaiva. Harufu ikiingia tu, kuna mheshimiwa anasimama na kupendekeza kikao kiahirishwe.

Wageni wa chama wakija kutoka Dar, Komredi Fidelis huwapeleka kuitembea njia ya zamani ya misafara na kuwahutubia juu ya wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kwenda pwani. Mara moja tulikwenda sote. Mimi nilibeba chupa za maji za wageni. Alipofika kwenye mateso ya wapagazi, Bi Zuhura aliuliza kwa upole, "Na hao wapagazi, Komredi, walipikiwa na nani?"

"Historia haikuandika, Bi Zuhura."

"Ilishiba ikasahau," alisema, akanipokonya nusu ya chupa akazibeba yeye.

Baada ya mwaka nilijikaza nikaomba kuzungumza barazani. Nilikuwa nimeandika sentensi chache na nimezikariri. Nikasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti..."

"Sijasikia shikamoo leo," mwenyekiti akasema, huku anatabasamu.

"Shikamoo."

"Marahaba mjukuu wangu. Usizunguke lakini!"

Kicheko. Pumzi yangu yote ikaishia hapo. Toka siku hiyo akawa anafanya hivyo kila nikisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alininyima muda kwa upendo kabisa.

Sasa nije kwenye kesi iliyonistaafisha.

Kijijini kwetu yuko Mama Shija. Yeye na mumewe walikuwa na shamba na bani zuri kuliko yote, na kila mtu alijua bani lile ni la mkono wa Mama Shija, kwa sababu mumewe alikuwa mgonjwa wa kifua na moshi hauwezi. Mumewe alifariki tumbaku ikiwa imeshaanza kuvunjwa. Mama Shija alizika, akarudi kwenye bani, akakausha, akachambua, akafunga marobota. Matanga yalipoisha akaja shemeji yake, Maganga, mdogo wa marehemu, kutoka mjini. Alikuja na viatu visivyo na vumbi. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kumsaidia mama wa watu kushona magunia ya kufungia.

"Shemeji," Maganga alisema, akipigapiga robota kama mtu anayepima godoro, "umefanya kazi nzuri. Nami nimeshazungumza na wazee. Hii tumbaku ni ya nyumba ya kaka, na sasa nyumba ya kaka ni mimi."

Mama Shija hakuinua macho kwenye sindano. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wakati bani linawaka, nyumba ilikuwa wapi? Maana nilitafuta mtu wa kunipokea kuni sikuona hata ukuta."

Nisingetaka kuwa Maganga wakati ule, lakini Maganga hakuona taabu. Alieleza kwamba tumbaku haiuzwi na mtu tu, inauzwa na mwanachama wa chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima wa kijiji, mwenye namba yake. Mwanachama alikuwa kaka. Chama kwa mazoea humhamishia namba mwanamume wa familia. Marobota yatapimwa kwa namba ya Maganga, na namba inakwenda na shamba, na shamba linakwenda na bani. "Wewe hutafukuzwa," alimalizia. "Utaendelea kulima kama kawaida."

Alipoondoka, Mama Shija aliniangalia. "Kalunde, wewe si ni mheshimiwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi heshimika. Nifanyie jambo."

Jambo lenyewe lilikuwa moja tu. Mkutano mkuu wa chama cha msingi ndio unaopokea wanachama wapya, na mkutano ulikuwa karibu, kabla ya soko kufunguliwa. Ukimpokea Mama Shija kwa jina lake, tumbaku na bani ni vyake. Usipompokea siku hiyo, ni vya Maganga.

Nikaenda kwa Mzee Lubinza, mwenyekiti wa chama cha msingi. Ni mzee wa kanisa la Moravian, mpole, anapenda sana kuheshimiwa na anastahili. Nikapiga goti, nikasalimia, nikaeleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mjukuu wangu, usiwe na wasiwasi. Suala la mjane lipo kwenye ajenda. Nimeliweka mwenyewe."

"Asante babu. Liko namba ngapi?"

"Liko kwenye mengineyo."

Nikampigia Komredi Fidelis. Alikasirika kwa niaba ya wanawake wote duniani na akaahidi tamko. Tamko likaja na basi, kurasa nyingi, karatasi nzuri nzito. Nilimsomea Mama Shija kwa mwendo wangu wa kusoma. Lilikuwa na mfumo dume, lilikuwa na ubeberu, lilikuwa na nchi ambazo mimi na yeye hatujui ziko upande gani. Nilipomaliza, Mama Shija aliuliza, "Na mimi nimetajwa ukurasa gani?"

Nikatafuta tena. Hakutajwa. Alichukua karatasi zile akazihifadhi vizuri, msimu ukifika ziwashie bani.

Nikapanda gari kwenda Tabora kwa Bi Zuhura. Nikamkuta amelazwa hospitali ya Kitete kwa sababu ya mguu, ameketi kitandani anawapanga wagonjwa wenzake zamu ya kufungua dirisha. Nikamweleza kila kitu, pamoja na mengineyo.

"Wanawake hawana kura pale?" aliuliza.

"Hawana. Wanakuja kupika. Wakifika wanapiga magoti kwa pamoja, mmoja anasalimia kwa niaba yao, mwenyekiti anaitikia mara moja, wanakwenda jikoni."

"Na wewe ile siku yako ya kwanza barazani ulisalimia vipi?"

"Mmoja mmoja."

"Kwa nini hawakukukatisha?"

"Salamu haikatishwi, Bi Zuhura. Mtu hawezi kumwacha mwanamke goti liko chini akaendelea na mambo yake."

Alijilaza kwenye mto, akafumba macho. "Basi unamuuliza nini mgonjwa?"

Nilirudi kijijini. Sikuhutubia mtu. Kipaza sauti nilikiacha nyumbani. Nilikwenda pale wanawake wanapochambua tumbaku, nikakaa, nikachambua nao, na mikono ikiwa inafanya kazi nikaona mdomo nao unaweza. Niliwaomba kitu kimoja: siku ya mkutano tusisalimie kwa pamoja.

Mmoja akauliza, "Na chakula?"

"Chakula kitaanza salamu zikiisha."

Bibi Nyanzala, shangazi yake Mzee Lubinza, ambaye hachambui tena ila anakuja kusimamia, alianza kucheka peke yake. Alicheka hadi tukampigapiga mgongo.

Siku ya mkutano wanachama walijaa kwenye mabenchi mbele ya ghala. Mezani alikaa Mzee Lubinza, na pembeni yake mgeni rasmi, Afisa Ushirika kutoka wilayani, kijana aliyekuwa ametoka nyumbani bila kunywa chai kwa sababu anajua mikutano yetu ina pilau. Maganga alikaa benchi la mbele. Sisi tukaja na masufuria vichwani, tukayatua, tukajipanga mstari. Mama Shija akatangulia. Akatandika khanga yake ya pili, akapiga magoti.

"Mwangaluka, baba," akasalimia kwa lugha ya nyumbani.

"Mwangaluka, mama. Hamjambo wote?" Mzee Lubinza akapunga mkono kwa mstari mzima, akaanza kufungua jalada lake.

"Sisi wazima. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama mkwe wako, lile goti?"

"Linaendelea vizuri, mama."

"Na yule ng'ombe aliyevunjika pembe?"

Mzee akaliacha jalada. "Amepona."

"Tunashukuru," Mama Shija akasema, akainuka. Wa pili akapiga magoti.

"Mwangaluka, baba. Nyumbani hawajambo?"

Wa tano ndipo Mzee Lubinza alipotazama urefu wa mstari. Akasimama, akafungua mikono kama anatoa baraka. "Kina mama! Nawasalimu wote kwa pamoja! Mwangaluka!"

Hakuna aliyeitikia. Bibi Nyanzala alitoka kwenye mstari akaja mbele na fimbo yake. Yeye hakupiga goti. Alisimama.

"Lubinza. Mimi nimekubeba mgongoni. Leo unanisalimia kwa jumla kama mbuzi wa mnadani?"

Mabenchi yalicheka. Mzee Lubinza akatoka nyuma ya meza, akainamisha kichwa. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto? Wajukuu? Nitajie majina yao, nisije nikamsahau mmoja."

Akayataja. Wajukuu wake ni wengi, Mungu amembariki.

Mstari ukaendelea. Jua likapanda. Mume wa mmoja wetu alipaza sauti kutoka nyuma, "Mwenyekiti, endelea na ajenda bwana!"

"Nitaendeleaje," Mzee Lubinza akajibu, sauti imeanza kukauka, "na mkeo kapiga magoti mbele yangu? Njoo umwinue wewe!"

Hakuja. Afisa Ushirika aliinama akamnong'oneza mzee, ila alinong'ona kwa njaa, tukasikia. "Mbona sisikii harufu ya chakula?"

"Wapishi ndio hao kwenye foleni."

"Wote?"

"Wote."

Tulipofika karibu na mwisho, Mama Shija alitoka pale alipokuwa amekaa, akaenda kujipanga tena nyuma.

"Wewe si umeshasalimia?" mzee akauliza.

"Nimesahau kukuulizia mkwe wako wa Sikonge, baba."

Wengine nao wakakumbuka kwamba wamesahau watu. Mstari ukageuka ukawa mduara. Ndipo Mzee Lubinza akanitafuta kwa macho. "Kalunde! Mjukuu wangu! Mnataka nini?"

Zamu yangu ilikuwa bado watu wawili, wakanipisha. Nikatandika khanga yangu ya pili, nikapiga magoti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba! Sema!"

"Sijakuulizia nyumbani, babu."

"Nyumbani wote wazima, hadi paka! Sema, mama!"

"Tulikuwa tunaomba, babu, leo tuanze na mengineyo."

Mzee Lubinza alitazama masufuria yaliyofunikwa, akamtazama mgeni rasmi, akatazama mduara wa wanawake. Akakaa. "Ajenda ya kwanza," akasema, "mengineyo."

Maganga aliruka. Akasema kanuni hairuhusu, namba huenda kwa mwanamume wa nyumba, hata babu zetu walifanya hivyo. Mzee akamgeukia Afisa Ushirika. "Kanuni inasemaje?"

"Kanuni inaruhusu mtu mzima yeyote anayelima," Afisa akajibu. "Imeruhusu siku zote."

"Sasa mbona miaka yote hukusema?"

"Sikuulizwa, mzee."

Wakapiga kura kwa mikono. Mikono ya kwanza ilitoka kwa vijana. Kisha waume wakaanza kutazama kwenye mduara, kila mmoja akikutana na macho ya wa kwake, na mikono ikapanda kidogokidogo, kama watu wanaojipima nguo. Maganga alibaki na mikono yake mapajani. Jina la Mama Shija likasomwa, jina lake yeye, siyo mke wa fulani. Mimi ngumi yangu ilipanda yenyewe hadi juu ya kichwa. Sikusema jasho wala sikusema nini. Nilikuwa nalia.

Mama Shija akakung'uta magoti, akakunja khanga, akaenda kukaa kwenye benchi la wanachama. Walimpisha kidogo, hakuona inatosha, akangoja wakasogea zaidi.

"Shemeji," mmoja akamuuliza, "na jikoni?"

"Mwanachama hapiki siku ya mkutano," akasema. "Ndivyo nilivyoona miaka yote."

Pilau ililiwa jioni. Afisa Ushirika alikula sahani mbili akasifu mshikamano.

Picha za magoti zilifika Tabora kabla ya pilau kuiva. Niliitwa ofisini. Komredi Fidelis alikuwa amezipanga kwenye simu yake na alikuwa na huzuni ya kweli.

"Komredi Kalunde, chama cha ukombozi! Wanawake magotini! Mstari mzima! Nitawaambia nini wenzetu?"

"Waambie Mama Shija amepata uanachama, Komredi."

"Hilo ni matokeo. Mimi nazungumzia msimamo."

"Ungetaka tufanyeje?"

"Mngesoma tamko!"

Kijijini wapo waliosema nimekosa adabu. Mjini nikaambiwa adabu yangu imezidi. Kikao cha kupanga majina ya uchaguzi uliofuata kilifanyika palepale nyuma ya duka, na uamuzi wa kuniacha ulisomwa wakati nimeshika birika, maana nilikuwa mwanamke pekee aliyefika mapema. Nilimimina vikombe vyote hadi mwisho. Cha katibu nilikiruka. Ni kitendo changu cha mwisho katika siasa na sikijutii.

Bi Zuhura, akitembelea fimbo, alinisindikiza hadi barabarani, akatoa chini ya mtandio wake kile kipaza sauti cha chama nilichokuwa nimekirudisha, akanikabidhi. "Watauliza kiko wapi," nikasema. "Watakiweka kwenye mengineyo," akajibu.

Siku ya soko nilikwenda ghalani kama mtu wa kawaida. Mteuzi, yule anayepanga madaraja ya tumbaku, alipofika kwenye marobota ya Mama Shija aliita jina lake kwa sauti, naye akaitika kwa sauti kubwa zaidi. Alikuwa amevaa shati la mumewe, na alilipiga pasi mwenyewe. Maganga alikuwa amesharudi mjini, viatu vyake nasikia vilipata vumbi.

Lakini nililotaka mlijue ni hili. Mwanamke mmoja alikuja na shida yake mezani kwa Mzee Lubinza, akaanza kukunja goti. Mzee aliruka kutoka kwenye kiti kama aliyemwagiwa uji wa moto. "Usipige magoti, mama! Simama! Kaa hapa! Sema shida yako moja kwa moja!" Toka ule mkutano hajamruhusu mwanamke yeyote goti lake liguse ardhi mbele yake. Anawasalimia yeye kwanza, haraka haraka, wangali mbali, na benchi ameongeza. Komredi Fidelis aliposikia aliandika kwenye ripoti kwamba chama kimefanikiwa kukomesha mila ya kupiga magoti katika wilaya yetu. Ni kweli. Hakuandika kwa njia gani.

Basi wadogo zangu, mtakaochukua fomu, someni ajenda kuanzia chini, bebeni khanga mbili, na kama mna aibu kama mimi msiione ni kilema. Mkifika barazani na mkakuta kosa langu bado linachekwa, chekeni nao, mradi mlikumbuke.

Nami naomba mniandikie. Nataka kujua mmekalishwa wapi, na nani anawakatisha, na kwa maneno gani. Barua mpeni yeyote anayekuja Urambo na treni, aiache ghalani kwa Mama Shija. Hatapotea. Jina la Mama Shija limebandikwa ukutani pamoja na ya wanachama wengine, na akiuliza ataonyeshwa. Andikeni taratibu, nami nitawajibu taratibu. Na salamu msizifupishe. Niulizieni nyumbani, mniulizie dada, mbuzi na uzio wao. Nimestaafu, muda ninao.